Mafuta ya chipsi kwenye Canter: inawaka kweli, shida inakuja ukifikisha miezi minne

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Canter 4D33, nabeba viazi toka Temeke Stereo nasambaza kwa wauza chipsi Tandika, Mbagala mpaka Kijichi. Kila kibanda kina dumu la mafuta yaliyochoka, wengine wanamwaga mtaroni. Nimeona video jamaa yuko Marekani anachuja mafuta kama hayo anatia kwenye Benzi ya zamani na inaenda freshi tu. Dizeli imenishinda. Naweza kutia moja kwa moja? Au nichanganye na mafuta ya taa? Na gesi je, kwa Canter inawezekana?"

Marahaba mdogo wangu. Swali hili naulizwa kila EWURA, wale wa kupanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya, ile Jumatano ya kwanza ya mwezi simu yangu haipumziki, ila we ndo wa kwanza kuniuliza ukiwa na mafuta yenyewe karibu, wengine wanauliza tu kwa hasira za sheli. Nakujibu kwa urefu maana mi mwenyewe nimeifanya hii kitu, nikaipenda, ikanila hela, na bado siwezi kukudanganya kwamba ni uongo.

Inawaka. Hilo lisikusumbue kabisa. Rudolf Diesel aliipata injini yake ya kwanza ya kueleweka kule Augsburg Ujerumani mwaka 1897, na kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 kampuni ya Otto ikaweka injini ndogo ya dizeli inakunywa mafuta ya karanga. Diesel alikuja kuandika 1912 kwamba ilinguruma vizuri mpaka watu wachache tu ndo walijua inatumia karanga. Na unajua nani alitaka hiyo kitu? Serikali ya Ufaransa, walikuwa wanawaza makoloni yao ya Afrika ambako karanga zipo tele. Yaani toka siku ya kwanza hii stori ilikuwa inatuhusu sisi huku.

Sasa kinachosumbua ni uzito. Dizeli ni nyepesi, ukipima ikiwa nyuzi 40 inakuja kwenye 2 mpaka 4 na kidogo kwa kile kipimo cha unene wa mafuta, mafuta ya kula kwa joto hilo hilo yanasoma 30 mpaka 40, mara kumi ya dizeli. Nozeli ya gari imetobolewa kwa ajili ya kitu chepesi, ikifunguka inatakiwa itoe ukungu kama ile dawa ya mbu ya kupuliza. Ukiipa mafuta mazito inatoa mchirizi, matone makubwa, na tone kubwa haliishi kuungua, linafika kwenye kichwa cha pistoni na ukuta wa silenda bado bichi. Kila siku kidogo kidogo. Hapo ndo pesa yako inapoanza kupotea na we unaona gari linaenda tu.

Watu wa Dar mnaniambia "fundi huku joto, mafuta hayagandi." Joto la Dar ni nyuzi 32, ukiwa umekaa Tandika mchana unaona ni moto wa jehanamu lakini kwa injini hiyo ni baridi. Mafuta ya kula yanaanza kuwa na adabu yakifika 70 au 80, na hata hapo bado ni mazito kuliko dizeli. Ndo maana wale jamaa wa kwenye video wanaojua wanachofanya wana tenki mbili: moja ya dizeli, moja ya mafuta ya kula iliyozungushiwa maji ya moto ya rejeta. Anawasha kwa dizeli, anasubiri injini ipate moto na mafuta yapate moto, anageuza swichi, na akikaribia kufika anarudisha dizeli ili kusafisha pampu na nozeli kabla hajazima. Video haikuonyeshi hiyo, inaonyesha jamaa anamimina kwa fanel anacheka.

Na ile Benzi nayo ina siri yake. Zile Benzi za zamani wanazozipenda huko Marekani zina injini ya OM617, silinda tano, mafuta yanapigwa kwanza kwenye kichumba kidogo pembeni, yanaanza kuwaka humo, ndo moto unatoka kwenda kwenye pistoni. Kile kichumba kinasamehe. Hata mchirizi ukiingia mle kuna moto wa kutosha kuumalizia. Kwa hapa kwetu gari za aina hiyo ni Hilux na Hiace zenye injini zinazoitwa 3L na 5L, na Land Cruiser yenye 1HZ. Canter yako 4D33 sio ya kichumba, inapiga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Pampu yake ile ndefu ya laini ni ngumu, hiyo nakusifia, haifi haraka, lakini nozeli zake na ringi hazina msamaha. Na kama kuna mtu anasoma hapa ana D4D au gari yoyote ya komoni reli, wewe usisome tena, funga ukalale. Zile zinasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya baa 1,000, pampu na nozeli zake zinapishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na seti ya nozeli ukiambiwa bei utauza kiwanja.

Nikupe yangu. Mwaka 2012 nilikuwa na Hilux 3L, ya kichumba, mgombea mzuri kabisa. Mtaani kwetu kulikuwa na mama anauza chipsi na kuku, anauza kweli kweli, nikawa nachukua kama lita 10 kwa wiki, bure. Nikawa nachuja kwa kitambaa cha kanga, nachanganya nusu kwa nusu na dizeli, natia. Mwezi wa kwanza nilijiona nimeshinda dunia, gari tulivu zaidi, moshi unanukia chipsi, ukisimama kwenye mataa wenye bodaboda wanageuza shingo. Mwezi wa pili filta ya dizeli ikaanza kuziba kila baada ya siku kumi, nikasema ah filta bei gani bwana. Mwezi wa tatu asubuhi ikawa inagoma, ikiwaka inatoa moshi mweupe dakika nzima na inagonga kama mashine ya kusaga. Mwezi wa nne nikachomoa kijiti cha oili, oili haikushuka kwenye kijiti, iling'ang'ania kama jeli. Nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: uji. Nguvu zangu zote za fundi na oili ya injini imegeuka uji wa mtama.

Kilichotokea ni hivi. Yale mafuta mabichi yasiyoungua yanateleza kwenye ringi yanashuka kwenye oili. Dizeli ikishuka inaifanya oili nyepesi na sehemu yake inaondoka kama mvuke, mafuta ya kula hayaondoki, yanabaki humo na joto na hewa, na yanashikana yenyewe kwa yenyewe mpaka yanakuwa kitu kimoja kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani. Juu huku kwenye ringi yanakuwa gundi nyeusi, ringi zinashika, injini inakosa kompresheni, ndo ukaona inagoma asubuhi. Ovaholi ile ilikula zaidi ya kile nilichookoa kwa miezi yote minne, na sijahesabu siku ambazo gari lililala.

Aina ya mafuta nayo inachangia sana kwenye hilo la kushikana. Kuna kipimo wanatumia wakemia, namba kubwa ina maana mafuta yanakauka na kushikana haraka: alizeti iko kama 130, mawese kama 50, nazi kama 10 tu. Kwa hiyo alizeti la Singida tunalolisifia kwa afya ndo baya kwa injini, na nazi ndo tamu, kule visiwa vya Vanuatu watu wameshaendesha magari kwa mafuta ya nazi kabisa. Ila nazi inaganda ikifika nyuzi 24 hivi, Julai asubuhi Dar inashuka mpaka 19 au 18, we si unaiona chupa ya mafuta ya nazi ya dirishani inavyokuwa nyeupe? Fikiria hiyo iko kwenye bomba la mafuta saa kumi na moja alfajiri na viazi vinakusubiri. Vibanda vyako wengi wanakaangia mawese ya ndoo, yanayobaki chini yameganda kidogo rangi ya ugoro, hayo ndo yatakayokaa chini ya tenki yako.

Alafu ni mafuta yaliyochoka. Viazi vina maji, kuku wana maji, chumvi inaingia, mafuta yakichemka na maji siku tatu yanavunjika yanatoa asidi, na asidi inakula vyuma vya pampu. Makapi unaweza kuchuja, asidi huichuji. Hapo sijagusa wale wanaokaangia vitu visivyokuwa mafuta ya kula kabisa, stori za mafuta ya transfoma tunazijua wote, ukikutana na dumu la hivyo sijui nani aonewe huruma, Canter au mla chipsi.

Kikubwa kwako lakini ni njia yako. Hebu fikiria siku yako: unatoka Stereo, unasimama kibanda cha kwanza, unazima, unashusha gunia, unawasha, mita mia tatu, unazima. Alafu unaingia Kilwa Road unakuta foleni, unakaa sailensa dakika arobaini. Injini ikiwa inazubaa kwenye foleni chumba cha kuchoma kinapoa, na hapo ndo mafuta mazito yanaungua vibaya kuliko muda wowote mwingine. Ule mfumo wa tenki mbili unataka gari liwashwe likimbie masaa, lori la Dar kwenda Mbeya hilo sawa, linawaka asubuhi linazimwa Mikumi. Wewe ungegeuza swichi mara thelathini kwa siku, na siku ukisahau kusafisha ukazima na mafuta ya kula kwenye pampu, kesho yake asubuhi unaita watu wasukume.

Mafuta ya taa. Hapa nakuwa mkali kidogo. Ni kweli yanapunguza uzito, ukichanganya mafuta ya kula na taa unapata kitu kinachofanana na dizeli kwa macho na kwa unene, na huko nje kuna wanaofanya hivyo. Lakini mafuta ya taa hayana ulainishaji, ni makavu, nozeli na vipisto vya pampu vinategemea mafuta yenyewe kuteleza, ukizidisha taa vinakwaruzana. Na kwa nchi hii kuna kesi. Uchakachuaji ulitusumbua mpaka 2010 mafuta yakaanza kuwekwa vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kugundua mchanganyiko, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa makusudi ili mtu asione faida ya kuchanganya. Sasa faida yenyewe haipo na wakikupima barabarani ukaonekana una mchanganyiko, uende ukamweleze afisa habari za Rudolf Diesel.

Njia ya uhakika ni kuyabadilisha mafuta kwanza yasiwe tena mafuta ya kula. Wabelgiji walishafika huko zamani, 1937 mtu wa chuo kikuu cha Brussels alisajili ugunduzi wa kubadilisha mawese ya Kongo, na kiangazi cha 1938 basi la abiria likawa linatembea Brussels mpaka Louvain kwa mafuta hayo. Makaburu nao wa Afrika Kusini walipobanwa na mafuta, kuanzia 1979 walijaribu alizeti kwenye trekta, likiwa bichi likaziba nozeli, walipolibadilisha trekta zikatulia. Siku hizi Indonesia wanachanganya mawese yaliyobadilishwa kwenye dizeli ya nchi nzima. Hiyo ndo inaitwa bayodizeli, na watu wanaifananisha na kumimina mafuta ya kukaangia, kumbe ni vitu viwili tofauti kama gongo na mnazi.

Kupika bayodizeli sio uchawi. Unachukua mafuta yaliyochujwa na kukaushwa maji, unapasha mpaka nyuzi 55 hivi, pembeni umeyeyusha soda kali (kostiki soda) kwenye methanoli, kwa lita 100 za mafuta unahitaji kama lita 20 za methanoli, na soda kama gramu tatu na nusu kwa lita kama mafuta ni mapya, yaliyochoka unaongeza kulingana na asidi yake, kwa hiyo lazima upime kila dumu maana kila kibanda kina asidi yake. Unakoroga, unaacha, chini inashuka gliserini nyeusi na juu inabaki bayodizeli nyepesi. Ukikosea kipimo au maji yakibaki, unapata mapipa ya sabuni, sitanii, inagandamana pipa zima.

Ila methanoli sio mchezo bwana. Ndo ile ile inayopofusha na kuua watu kwenye pombe feki, funda dogo tu linatosha kuchukua macho, inaingia mpaka kwenye ngozi, mvuke wake ni sumu, na inachemka ikifika 65, kwa hiyo ukizidisha moto kidogo tu umejaza chumba. Ikiwaka mchana moto wake huuoni, unaona tu mtu anaruka. Kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, usiende kununua kwa mlango wa nyuma ukapikie uani kwako watoto wanacheza. Sikushauri, nakuambia hivi ili uelewe kwa nini lita ya bayodizeli sio bure hata kama mafuta ulipewa bure.

Na kwenye hiyo bure tukae kidogo. Yule mama wa chipsi alinipa bure wiki sita. Siku aliyogundua kwamba mafuta yake yanaendesha gari, akaanza kuniuzia, na haki yake. Baadae nikagundua kuna watu wa sabuni walikuwa wanamfuata, na kuna wakaanga mihogo wanayanunua kuyatumia tena. Canter yako kwa kazi ya mjini nakadiria inakula lita 15 kwa siku, siku sita lita 90, ukitoa makapi na maji unahitaji vibanda kama kumi vinavyouza vizuri kila wiki bila kukosa. Mafuta mapya ya dukani ndo usiyafikirie kabisa, lita yake inazidi lita ya dizeli, nchi yenyewe inaagiza mafuta ya kula toka nje.

Najua utaniuliza habari ya mibono, yule mbono kaburi wa kwenye ua. Tuliimbiwa sana, miaka ya 2005 mpaka 2010 wawekezaji walikuja, Kisarawe hapo kampuni ya Kiingereza ikapewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji, 2011 mradi ukafa, vibarua wakarudi nyumbani na ardhi haikurudi kirahisi. Mbono unaota pakavu ni kweli, ila kuota na kuzaa ni mambo mawili, bila maji na mbolea unapata punje za kuhesabu na za kuchuma kwa mkono. Naishia hapo, nikianza na Kisarawe silali.

Gesi kwa kifupi. Foleni za bajaji na teksi unazoziona Ubungo ni za gari za petroli, zile zina plagi, gesi inaingia plagi inawasha. Canter haina plagi, inawasha kwa kukandamiza hewa, na gesi asilia haiwaki kwa kukandamizwa kirahisi, inataka joto la nyuzi 500 na zaidi wakati dizeli inajiwasha kwenye mia mbili na kitu. Kwa hiyo ama ubadilishe kichwa uweke plagi na upunguze kompresheni, hiyo ni injini nyingine kabisa, ama uweke mfumo wa pamoja ambapo dizeli kidogo inakuwa kiberiti cha gesi. Upo, unafanya kazi, lakini kwa Canter moja ya viazi na mitungi inayokula nafasi ya mzigo, piga hesabu yako mwenyewe.

Sasa mi ningefanyaje? Yale mafuta ningekusanya nikauza kwa watu wa sabuni, gari unalo na njia unapita kila siku, huo ni mzigo wa kurudi ambao saa hizi unaurudisha mtupu. Na Canter ningeitoa nozeli zote nne zikapimwe kwenye mashine. Nakuambia kwa yakini, Canter ya mjini ambayo nozeli hazijaguswa miaka miwili, ikitoa moshi mweusi ukipanda kilima cha Mtoni, inamwaga dizeli ambayo wala hujaihisi, na kuseti nozeli ni hela ya siku chache za mafuta.

Kama wewe ni mbishi, na sauti ya swali lako ni ya mbishi, basi usizidishe lita moja ya mafuta ya kula kwa tisa za dizeli. Yaache yatulie wiki mbili ndooni usiyatikise, chota ya juu tu, pasha, pitisha kwenye filta ya dizeli ya gari sio kanga. Beba filta ya akiba kwenye dashibodi muda wote. Mipira ya mafuta ya zamani iangalie isilainike, oili ya injini mwaga nusu ya muda uliozoea, na kila Jumapili chomoa kijiti uipake kwenye vidole, ukiona inavutika kama ute wa bamia simama hapo hapo. Kabla ya yote hayo njoo gereji kwangu Gerezani na lita moja kwenye chupa ya maji, njoo mapema kabla ya saa nne. Tutaimwaga kidogo kwenye sufuria ya moto tusikilize, ikipasuka pasuka kama mvua kwenye bati hayo ni maji, na utahesabu mwenyewe ulikuwa unataka kuiweka injini yako vijiko vingapi.